Juisi ya Embe na Madaktari wa Meza

Jumamosi jioni Gisimenti, hapa Kigali, magari yakishazuiwa na viti vikisogezwa mpaka juu ya lami, mabishano huletwa pamoja na brosheti. Safari hii mwenzetu alilalamika kwamba akinywa glasi mbili za juisi ya embe, tumbo hujaa gesi na kunguruma. Mezani petu madaktari hawakosekani.

“Huo ni ugonjwa, kapime,” akasema wa kwanza. Haraka ya nini? Fruktosi, sukari ya matunda, huvuka ukuta wa utumbo mwembamba kwa kubebwa zaidi na protini moja, GLUT5, na mbebaji huyo ana kikomo chake. Mwaka 1986 Rumessen na Gudmand-Høyer wa Denmark waliwapa watu 10 wenye afya fruktosi iliyoyeyushwa majini, kisha wakapima hidrojeni katika pumzi zao. Fruktosi isiyofyonzwa huteremka hadi utumbo mpana, bakteria wakaichachusha (kila mtu na mtungi wake wa urwagwa, pombe ya ndizi, ila huu haulevyi), na sehemu ya gesi hupitia damuni ikatokea mapafuni. Kuna aliyeshindwa na gramu 5, na kuna aliyemudu zaidi ya 50. Wote walikuwa wazima.

“Basi sukari ya miwa ndiyo mbaya zaidi.” Kwa meno, sawa. Kwa gesi, hapana, na hapa ndipo wengi hupotea. Sukari ya miwa ni nusu glukosi, nusu fruktosi, na glukosi humsaidia mwenzake kuvuka. Watu wale wale 10 walipopewa fruktosi ikiwa ndani ya sukari ya kawaida, waliifyonza vizuri zaidi kuliko ilipokuja peke yake. Kinachosumbua, basi, ni fruktosi inayoizidi glukosi. Gramu 100 za embe zina fruktosi karibu gramu 5 na glukosi kama 2. Tikiti nalo lina takriban 3.4 kwa 1.6. Ndizi mbivu na nanasi vinakaribia kulingana. Glasi moja ya juisi huweza kumeza maembe mawili ambayo mtu asingeyala kwa mkupuo. Na wewe uliyeacha sukari ukahamia asali kwa ajili ya tumbo, asali ina fruktosi nyingi kuliko glukosi.

“Tunda juu ya chakula huoza tumboni.” Tumbo lenye asidi kali namna ile lioze nini? Chakula hupunguza kasi ya tumbo kujimwaga, fruktosi ikafika utumboni kidogo kidogo. Embe baada ya brosheti na ndizi ya kuchoma ni jepesi kuliko juisi ya tumbo tupu.

“Kuna watu fruktosi huwaua.” Kweli, lakini huo ni ugonjwa mwingine kabisa, wa kurithi na adimu: ini hukosa kimeng’enya kiitwacho aldolase B. Kwa kawaida hujitokeza utotoni, mtoto anapoanza kuonjeshwa vitamu, akatapika na sukari ya damu ikashuka. Aliyezeeka na juisi ya embe si wa kundi hilo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, agiza glasi moja, tena ukishakula. Ila ukikonda bila sababu au ukiona damu chooni, nenda kituo cha afya kesho asubuhi. Usingoje Jumamosi nyingine uje kutuuliza sisi.