KONA YA UFUNDI: Chuma Kikiyumba Kwenye Koleti

Wazazi kadhaa wametuuliza: "Watoto wanashinda karakana wakipima tu chuma kinachozunguka. Hiyo ni kazi gani?" Leo tunajibu.

Mashine ya kukereza inazungusha chuma, kisu kinakata. Vyuma vyembamba vinashikwa na koleti, yaani kikombe kidogo chenye mipasuko. Nati ikikazwa, koleti inasukumwa ndani ya tundu la chaki, tundu pana mdomoni na jembamba ndani, nayo inabana kama vidole. Chuma kisipozunguka katikati, tunasema kinayumba. Ukikigeuza kukereza upande wa pili, pande mbili hazilingani. Shafti ya namna hiyo ikifungwa kwenye mashine ya kusaga, beringi inachemka na kufa, na mama anarudi nyumbani na mahindi mazima.

Kwanza ni usafi. Zima umeme kwenye swichi kuu. Futa tundu, koleti, mipasuko yake na nyuzi za nati. Chenga moja ya chuma inatosha kuharibu kazi. Halafu ingiza koleti kwenye nati mpaka isikike "tak", ndipo ufunge nati kwenye chaki. Ukitanguliza koleti kwenye chaki, inakaa upande. Tena, koleti ya ER32 ya milimita 10 inashika kuanzia 9 mpaka 10, usiilazimishe zaidi.

Pili, tafuta kosa linakaa wapi. Weka ncha ya saa ya kupimia ndani ya tundu, bila koleti, uzungushe kwa mkono. Tundu likitulia, funga koleti na pini iliyonyooka, upime pini. Ikiyumba, legeza nati, geuza koleti peke yake robo mzunguko, kaza, pima tena. Mahali pa juu pakihama pamoja na koleti, koleti ndiyo mbovu. Lakini tundu lenyewe likiyumba, fungua chaki ufute uso wa nyuma na pale inapokalia.

Tatu, kusahihisha. Kama chaki imefungwa kwa bolti na tundu bado linayumba, legeza bolti kidogo tu. Tafuta mahali pa juu, ugonge polepole kwa nyundo ya plastiki au ya shaba. Saa ikionyesha tofauti ya 0.08, chaki inahitaji kusogea 0.04 tu, yaani nusu. Kaza bolti kwa kukingamana, kisha pima tena, maana kukaza nako kunasogeza.

Mwisho, pima pini karibu na koleti, halafu milimita 50 mbele. Karibu pakiwa pazuri na mbele pakiyumba, usigonge tena: kuna kitu kimekaa kwa kuinama. Rudi kwenye usafi. Kuweka vipande vya karatasi ndani ya koleti si dawa, kunaificha tu shida.

Vijana, chuma tunachopata hapa ni kidogo, na kilichokatwa vibaya hakirudi. Nusu saa ya kupima si kupoteza muda.

Wazazi, mtoto akirudi jioni mwulizeni: "Mahali pa juu palihama na nini?" Akijibu vizuri, mjue anajifunza.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kunoa kisu. Tubaki na amani.