Kuisaka Sauti Chini ya Maji

Mwanafunzi wa Makongolosi, wilayani Chunya, huujua mlio wa baruti ya machimbo ya dhahabu, na huweza kuonyesha kwa kidole upande ulikotoka. Akizamisha kichwa majini, uwezo huo humpotea. Hewani sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Majini hukaribia 1,500. Hivyo tofauti ya muda kati ya sikio na sikio hupungua zaidi ya mara nne, nao ubongo haukuzoea vipande vidogo hivyo.

Chombo hukiweza. Mathalani, hidrofoni mbili, yaani vinasa sauti vya majini, zimetengana mita 3, na mlio wa mbali umeifikia moja sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde kabla ya nyingine. Sauti imeongeza mwendo wa mita 1.5, nusu ya 3. Basi imetoka digrii 30 kando ya upande unaokabiliwa na hidrofoni hizo. Hiyo ni hesabu ya sekondari. Kazi hasa ni kuupata muda wenyewe katikati ya makelele ya bahari: kompyuta huutelezesha mnaso mmoja juu ya mwingine mpaka ilandane. (Hata hapo haijulikani kama ni mbele au nyuma, mpaka iwepo hidrofoni ya tatu nje ya mstari.)

Wapo wasemao kwamba elimu hii ni ya wanamaji na watu wa pwani. Hoja hiyo ni dhaifu. Machi na Aprili 2015 watafiti walisikiliza mwambao wote wa Tanzania kwa saa 231, wakathibitisha milipuko 318 ya uvuvi haramu wa baruti. Karibu asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Sauti haimtaji mvuvi kwa jina, lakini humwonyesha askari wa doria pa kwenda. Baruti ni ile ile ivunjayo mwamba; majini huvunja matumbawe, mazalio ya samaki.

Walimu wasingoje hidrofoni. Mpira wa kumwagilia wa mita 2 watosha: mwanafunzi afumbe macho, aweke ncha mbili masikioni, mwenzake agonge karibu na katikati. Agongapo sentimita 5 kando, tofauti ni sehemu 3 tu za 10,000 za sekunde, na bado msikilizaji hutaja upande. Kisha darasa litafute ni sentimita ngapi zinazoanza kumkanganya.