Onyo Lifike Mbele ya Mvua

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, leo sitawaambia mvae kofia. Hilo mnalijua. Leo nataka tuzungumze juu ya ukurasa wenyewe: nani anapanga maneno yake, na anafuata nini anapoyapanga. Mwaka unakwisha. Karibuni wenye gazeti watakaa mezani kupanga habari za miezi 12 inayokuja. Mimi naona kwamba tumezoea kupanga vibaya, na ubaya huo unaumiza watu.

Tazameni desturi yetu. Mtu anachukua kalenda ya ukutani, anatafuta siku kubwa. Tarehe 1 mwezi wa tano, sikukuu ya kazi: picha za maandamano. Tarehe 30 mwezi wa sita, uhuru: picha za gwaride. Tarehe 1 mwezi wa nane, siku ya wazazi. Tarehe 4 mwezi wa 12, Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimba migodi: misa na medali kwa wazee wa kazi. Miezi inayobaki inajazwa na lolote lililoko kwenye droo. Kwa hiyo habari ya chandarua inatoka mwezi wa kwanza, wakati vumbi limetanda Bunia yote na mbu ni wachache, na habari ya vumbi inatoka mwezi wa kumi, wakati tunatembea katika matope mpaka magotini. Msomaji anacheka, anafungia karanga.

Niwape habari moja. Zamani nilifanya kazi mahali fulani, si hapa, nami nilikuwa kijana wa kusaidia gazeti la kazi. Katika mwezi wa saba kapita mmoja alituletea maneno mazuri juu ya kuta za udongo za shimo la wazi: namna ya kuona ufa, namna ya kuona maji yanayochuruzika katikati ya ukuta, na kwa nini mtu asile chakula chake chini ya ukuta huo. Tuliyapiga mashini, yakawa tayari. Lakini mwezi wa nane picha za sherehe zilikuwa nyingi, maneno yakasukumwa mbele. Mwezi wa tisa alikuja mgeni mkubwa, yakasukumwa tena. Mwezi wa kumi, mvua ya usiku ikalowesha ukuta, asubuhi ukaanguka. Mwenzetu mmoja alikaa chini yake akila mhogo. Aliacha watoto wanne.

Maneno ya kapita yalitoka mwezi wa 12, yamepangwa vizuri, yana picha. Mjane alipata gazeti lile kwa jirani, akanifuata nyumbani. Hakulia, hakutukana. Aliuliza neno moja tu: "Baba, karatasi hii iliandikwa siku gani?" Nilimwambia ukweli. Alikunja gazeti, akaaga, akaenda. Tangu siku hiyo sijaona kalenda ya gazeti kuwa kazi ndogo ya biro.

Zahabu ya Kilo ilianza kuonekana mwaka 1903. Sasa ni zaidi ya miaka 120 watu wanachimba katika Ituri hii, na kila mwaka mvua imekuja kwa wakati wake. Kiangazi chetu kinashika miezi ya 12, ya kwanza na ya pili. Mwezi wa tatu mawingu yanarudi. Mwezi wa nne na wa tano mvua ni kali, halafu inapumua kidogo, halafu kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja inapiga tena. Ni nani kati yetu asiyejua hayo? Mama anayelima maharagwe anayajua vizuri kuliko biro. Yeye hangojei mvua inyeshe ndipo atafute jembe. Basi kwa nini sisi tunaandika juu ya ukuta wa udongo wakati ukuta umekwisha kuanguka? Huko Kamituga, Kivu ya Kusini, tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2020, maji ya mvua kubwa yaliingia katika mashimo ya zahabu, na watu kadiri ya 50 walisemwa kuwa wamefukiwa. Mwezi wa tisa! Onyo la jambo kama hilo linapaswa kuwa mkononi mwa mfanyakazi katika mwezi wa saba, jua lingali linawaka, kapita angali ana nafasi ya kuchimba mifereji ya kupitisha maji.

Hesabu njia pia. Gazeti likitoka Bunia kwenda Mongbwalu ni kilometa kama 80, na barabara ya wakati wa mvua mnaifahamu. Likifika, linasomwa na mmoja, linapita kwa wa pili, linamaliza juma tatu kabla halijafika nyumba ya mwisho ya kambi. Kwa hiyo anayepanga ahesabu kwa kurudi nyuma: hatari inakuja lini, watu wanahitaji siku ngapi za kujitayarisha, gazeti linachelewa siku ngapi njiani. Akifanya hesabu hiyo ataona kwamba habari ya chandarua ni ya kuandikwa mwezi wa kwanza ili isomwe mwezi wa pili, mama ashone matundu na kufunika mapipa mbele ya mvua ya kwanza. Tarehe iliyochapwa juu ya gazeti si kitu. Kitu ni siku ambayo mtu anasoma.

Kiangazi nacho kina mambo yake. Maji ya kutobolea mwamba yanapungua, na hapo ndipo watu wanajaribiwa kutoboa mkavu ili kazi isisimame. Vumbi la mawe linaingia mapafuni na halitoki. Mapafu yaliyoharibiwa hivyo hayaponi tena, na kifua kikuu kinayapata kwa urahisi. Maneno hayo yatoke mwezi wa 11.

Na likizo ya shule? Mwezi wa saba na wa nane watoto wako nyumbani, na mtoto asiye na kazi anajitafutia kazi. Anaenda mtoni kuosha mchanga, anachungulia mashimo yaliyoachwa yakajaa maji, anashika zebaki kwa vidole kwa sababu inang'aa na inakimbia kama kitu chenye uhai. Wengine wanaichoma jikoni katika sufuria, mama anapumua moshi wake, mtoto mgongoni anapumua pia. Huo ni ukurasa wa mwezi wa sita, na ningependa uandikwe na mama, si na munganga. (Waganga wetu wanisamehe. Wanaandika vema, lakini wanatuandikia kama tuko darasani.)

Sasa nifike pagumu. Kuna hatari ambazo hazionekani katika mawingu, lakini nazo zina miezi yake, na waliozijua kwanza walikuwa wachimbaji.

Mnakumbuka Durba, upande wa Watsa. Kuanzia mwezi wa 10 mwaka 1998 mpaka mwezi wa 9 mwaka 2000, ugonjwa wa Marburg, ule wa homa na kutoka damu, uliwapata watu 154, na 128 kati yao walikufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa vijana wachimbaji, na wengi walitoka katika mgodi mmoja wa chini ya ardhi, Goroumbwa, uliojaa popo. Munganga mkuu wa Watsa naye alikufa kwa ugonjwa huo. Ulikoma wakati maji yalipojaa katika mgodi na watu wakashindwa kuingia. Lakini sikilizeni hili: watu wa hapo walikuwa wameuona ugonjwa wa kutoka damu tangu mwaka 1987, wakaupa jina la mahali pao. Miaka zaidi ya kumi! Habari zilikuwa katika vinywa vya wachimbaji, hazikuwa katika ratiba ya mtu yeyote.

Baadaye wenye elimu walikwenda kuchunguza popo wa namna hiyo katika pango moja la Uganda, ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth. Waligundua kwamba popo hao wanazaa mara mbili kwa mwaka, na kwamba virusi vinaenea zaidi kati ya popo wachanga wakifika umri wa miezi kama sita. Majira hayo ni mawili: karibu mwezi wa 6 mpaka wa 9, na mwezi wa 12 mpaka wa 3. Walipotazama nyuma, waliona kwamba sehemu kubwa ya watu walioambukizwa kutoka kwa popo waliambukizwa katika majira hayo. Hata wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, mwaka 2007, waliugua kati ya mwezi wa 6 na wa 9. Kumbe popo naye ana kalenda, na anaiheshimu kuliko sisi! Basi mgodi wowote wenye popo uandikwe katika ratiba yetu mara mbili, mwezi wa tano na mwezi wa kumi na moja.

Tauni, ambayo wengi tunaiita pesti, ni hivyo hivyo. Milima yetu ya Djugu na Mahagi inajulikana dunia yote kwa ugonjwa huo, na si sifa ya kujivunia. Panya anafuata mahindi tunayoyalundika ndani ya nyumba tunamolala, kiroboto anamfuata panya, panya akifa kiroboto anatafuta mtu. Maneno juu ya ghala na panya wanaokufa ovyo yafike mbele ya mavuno. Tena yafike mbele ya watu kukusanyika. Katikati ya mwezi wa 12 mwaka 2004, huko Zobia katika Bas-Uele, mgodi wa almasi ulifunguliwa tena, wachimbaji kama 7,000 wakajaa. Juma chache tu, tauni ya mapafu ikaanza kati yao, wakakimbia kila upande, na zaidi ya watu 50 walikufa. Kufunguliwa kwa mgodi ni tarehe inayojulikana mapema. Mtu angeweza kuiandika katika kalenda na kuweka mbele yake neno moja juu ya kikohozi cha damu na mahali pa kwenda.

Rafiki yangu wa karakana aliposikia haya aliniambia: "Mzee, hatari haisomi kalenda. Ebola ilituambia lini kwamba inakuja?" Ana haki nusu. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, haikuchukua muda ikavuka Ituri, na mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Hakuna aliyeipanga. Kwa sababu hiyo nasema kurasa 2 kati ya 12 ziachwe tupu kabisa, na mtu asizijaze kwa picha. Jambo likitokea ghafla, nafasi iko, wala hatumfukuzi kapita na ukuta wake wa udongo.

Wengine watalalamika kwamba tukifuata mvua tutarudia maneno yale yale kila mwaka. Ndiyo, tutarudia. Kijana aliyeanza kazi juma lililopita hakusoma gazeti la mwaka jana. Mvua nayo inajirudia, na hatujasikia mtu akiilalamikia kwa hilo.

Sikukuu sizikatai. Tarehe 28 mwezi wa nne, siku ya usalama na afya kazini ambayo Shirika la Kazi la Kimataifa liliiweka mwaka 2003, badala ya hotuba tusomewe daftari la ajali la mwaka uliopita, mwezi kwa mwezi, bila majina. Kwa kweli kupanga kungeanzia hapo. Chukueni madaftari ya miaka 3, la ajali na lile la dispensari, hesabuni kila mwezi una nini. Ulizeni wazee waliotoka kazini. Mwezi wenye vidole vingi vilivyopondwa, habari ya vidole itangulie kwa mwezi mzima. Na neno hilo hilo la mwezi lisomwe asubuhi kabla ya kushuka shimoni, libandikwe mlangoni mwa dispensari, na wenzetu wa Radio Candip waombwe kulisema, maana si kila mtu nyumbani anasoma.

Nimejaribu kuandika ratiba yangu katika karatasi moja, nimeitundika kwenye ubao wa karakana. Miezi kumi imepata neno lake. Mwezi wa tisa nimeuacha tupu makusudi. Mwezi wa nne nimefuta mara tatu: radi, nyoka, au kuendesha gari katika matope? Wanaofanya kazi ya usiku wanajua kuliko mimi. Kalamu imefungwa kwa uzi pembeni ya ubao, na karatasi itachukuliwa kwenda Bunia siku ya mshahara.