Nilichagua Gemu, Mashine Ikafuata

Mwezi huu nina kesi ya nyumbani kwangu, na naomba uiamue bila upendeleo.

Mume wangu yuko Tunduma, anafanya kazi ya kutoa mizigo pale mpakani. Mimi niko Dar na hili jarida. Tukishalipeleka kiwandani napanda basi, kilomita zaidi ya 900, nikakae na mwenzangu siku chache. Ndoa ya mabasi, wenzangu mnaielewa. Mwaka 2023 tukakubaliana tununue mashine ya gemu, tuwe na kitu cha kufanya pamoja jioni badala ya kila mtu kuinamia simu yake.

Kasheshe ikawa mashine ipi.

Yeye alitaka Xbox Series S. Kwa bei ya Marekani ilikuwa dola 299, wakati PS5 ya kuweka diski ilikuwa 499. Tofauti ya dola 200, karibu laki tano za kwetu kwa wakati ule, na sisi tulikuwa tunanyanyua nyumba. "Mke wangu, hiyo ni saruji," akaniambia. Na kweli ilikuwa saruji.

Ila mimi nilikuwa na hoja yangu mfukoni. Wewe unataka kucheza nini? Mpira. Basi mpira uko kwenye mashine zote mbili! Nenda kwenye mabanda ya gemu, vijana wanabishana Arsenal na Man U, mashine ni ile iliyopo. Mimi nilikuwa naitaka Final Fantasy XVI, na ilipotoka Juni 2023 ilikuwa ya PS5 tu. Tukinunua yangu, wewe unapata chako. Tukinunua yako, mimi nakosa. Akakaa kimya, nikajua nimeshinda.

Makampuni wanaujua ujanja huu toka zamani. Final Fantasy ilianzia kwenye mashine ya Nintendo mwaka 1987. Mwaka 1996 watengenezaji wake, Square, wakatangaza kuhamia PlayStation, maana CD ilibeba vitu vingi kuliko kaseti za Nintendo, na ile ya saba ikatoka 1997 ikiwa na CD 3. Aliyeipenda ikabidi ahame nayo. Microsoft nao mwaka 2021 walikamilisha kuinunua ZeniMax, wenye Bethesda, kwa dola bilioni 7.5. Starfield ilipotoka 2023, wa PlayStation wakabaki wanachungulia dirishani.

Na hizi gemu za kuvaa uhusika, RPG, zinamshika mtu vibaya. Mechi ya mpira dakika chache umemaliza. Hii unaishi na watu wake saa zaidi ya thelathini, unawajua kwa majina, unawalilia. Huwezi kuambiwa "si ucheze nyingine inayofanana nayo".

Sasa sikia. Gemu yenyewe ni ya mchezaji mmoja. Tulisema tunanunua kitu cha pamoja, halafu jioni ya kwanza mimi nimeshika pedi, yeye kakaa pembeni kama abiria. Wala sikuliona hilo, nilikuwa bize kuua majoka.

Nikarudi Dar. Wiki kama tatu baadaye nampigia simu usiku, nasikia kwa nyuma muziki ninaoujua. Kumbe bwana mpira kaanzisha safari yake mwenyewe! Malori yakikwama foleni, yeye anarudi nyumbani anaingia kwenye gemu yangu, na alikuwa ameshaimaliza. Kabla yangu! Niliumia jamani, nusura nikate simu. Nikamuuliza kwa nini hakunisubiri. Akajibu kwa upole, "Nyumba ilikuwa kimya, mama."

Hapo nikakosa la kusema. Mwezi uliofuata nilipokwenda tulicheza mpira wake tu, nikafungwa mabao nisiyotaka kuyataja humu.

Septemba 2024 ile gemu ikatoka kwenye kompyuta. Juni 2025 ikatoka kwenye Xbox, pamoja na hiyo hiyo Series S aliyoitaka. Siku hiyo hiyo nikapata meseji kutoka Tunduma: "Saruji yangu iko wapi?"

Anasema mashine ijayo atachagua yeye, na hataki kusikia hadithi za gemu ya mashine moja. Nimekubali, haki yake. Nimemuuliza kitu kimoja tu: anainunua acheze gemu gani? Mpaka naandika hapa hajanijibu.