Breki Kabla ya Nguvu

Novemba mwaka jana, mvua za vuli zilipokuwa zimekolea, nilikuwa miongoni mwa abiria saba ndani ya Land Rover kuukuu iliyokuwa ikipanda milima ya Iveti kutoka upande wa Kathiani, ikielekea mjini Machakos. Nyuma yangu aliketi mama mmoja aliyempakata mwanawe mwenye homa kali. Njia ilikuwa imegeuka ujiuji wa matope mekundu, na matatu za kawaida zilikuwa zimeacha kuipita tangu siku mbili zilizotangulia. Gari letu, likiwa limetiwa injini mpya na tairi pana, lilikuwa likiupanda mlima kwa mbwembwe nyingi.

Katikati ya mteremko mkali tulisikia mlio kama wa mti uliovunjwa. Injini iliendelea kunguruma, lakini gari lilisimama. Dereva, ambaye ni shemeji yangu, alikanyaga breki, akavuta breki ya mkono hadi mwisho, kisha akaondoa mguu ili ashuke kutazama. Hapo ndipo gari lilipoanza kurudi nyuma. Utingo, kijana mwenye akili nyepesi, aliruka na kusukumia jiwe chini ya gurudumu. Jiwe hilo ndilo lililotutenganisha na korongo. Wahenga hawakukosea waliponena: usione kwenda mbele, kurudi nyuma si kazi.

Sina nia ya kumlaumu shemeji yangu hadharani, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa mshauri wake. Aliponunua gari hilo, lililoundwa katika miaka ya sabini, alikuwa na fedha za kutosha kazi moja kubwa tu. Fundi wetu, mzee aliyekonga katika karakana za jua kali, alimwambia aanze na breki na ekseli. Mimi nilisema aanze na injini, kwa kuwa gari lisilo na nguvu halitampatia abiria. Mzee yule alinitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, nguvu ni rahisi kuitia. Kuizuia ndiyo kazi." Nilicheka. Leo sicheki.

Yamkini yuko msomaji atakayeuliza, kwa nini tujisumbue na mabati ya zamani ilhali barabara zimejaa magari mapya? Jibu ni kwamba gari jipya lenye uwezo wa kupanda Iveti au kuvuka mchanga wa mito ya Yatta wakati wa mvua ni ghali kuliko shamba la mkulima. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mwaka wa 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha pua kikigawiwa kwa kipimo, na kwa sababu hiyo bodi ikaundwa kwa aluminiamu, nalo gari likakusudiwa hasa mkulima. Aina zile za zamani ziliendelea kuundwa hadi mwaka wa 1985. Muundo wake ni sahili kiasi kwamba mtu mwenye spana chache, nyundo na subira anaweza kulifungua lote chini ya mwembe na kulirudisha. Ndiyo sababu magari yaliyowabeba maafisa wa tarafa, polisi na wamishenari bado yanabeba mahindi, saruji na wagonjwa.

Wala ufundi huo si jambo geni Ukambani. Watu wa Wamunyu walijifunza kuchonga vinyago baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kutoka kijiji kile sanaa hiyo ikaenea hadi Nairobi, Mombasa na masoko ya ng'ambo. Mikono ile ile ya Wakamba iliyokata matuta milimani hadi mmomonyoko ukapungua, ndiyo leo inayonyoosha springi kwa moto na kukunja bati hadi likawa mlango. Nasema haya ili isidhaniwe kwamba nawabeza mafundi wetu. Nawaheshimu, na ni kwa sababu ya heshima hiyo ninasema kwamba kazi yao inaharibiwa na sisi wateja, tunaolipia kinachoonekana na kukataa kulipia kinachookoa maisha.

Chukua mfano wa chesisi. Bodi ya aluminiamu haipati kutu kama chuma, kwa hiyo gari huweza kung'aa kwa rangi mpya huku uti wake wa mgongo umeoza. Chesisi ya magari haya ni chuma chenye uwazi ndani. Matope na maji huingia, yakakaa, na kutu ikaanza kula kutoka ndani kwenda nje. Macho hayaioni. Mzee wetu huigonga kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma akisikiliza: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Fundi mwaminifu hukata sehemu iliyooza yote kabla ya kuchomelea kipande kipya. Asiye mwaminifu, au aliyebanwa na mteja mwenye haraka, hubandika bati juu ya kutu na kulipaka rangi nyeusi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa uliofunikwa kwa rangi hauna hata wa kuujengea, kwani hugunduliwa siku chesisi inapokatika.

Tazama pia mtindo wa kuliinua gari. Vijana wengi hutaka gari lisimame juu kama twiga, na njia nyepesi ni kurefusha vyuma vinavyoshika springi. Ni kweli kwamba gari lililoinuka hupita juu ya mawe. Lakini chuma hicho kikirefushwa, ekseli ya mbele huzunguka kidogo, na usukani hupoteza ile tabia ya kujirudisha wenyewe katikati baada ya kona. Mipira inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu huvutika hadi karibu kukatika. Shafti ya propela hukaa kwa pembe ambayo viungo vyake havikuumbiwa. Na mzigo ukiwa juu zaidi, gari hupinduka upesi zaidi kwenye mteremko wa upande. Tairi kubwa nazo huifanya kila gia kuwa nzito, huipa breki kazi ya ziada, na huifanya saa ya mwendo idanganye kwa kuonyesha kasi ndogo kuliko ile halisi.

Sasa nirudi kwenye mlima wetu, kwa kuwa hapo ndipo penye funzo kubwa. Vyuma viwili vinavyotoka kwenye difu kwenda kwenye magurudumu ya nyuma ni vyembamba katika magari haya ya zamani. Viliundwa kwa injini ya petroli ya lita mbili na robo na tairi za wastani. Sisi tulitia dizeli ya lita 2.8 kutoka lori dogo la Kijapani lililopinduka, tukavika tairi pana, kisha tukapanda kwa gia ya nguvu. Zaidi ya hayo, vifungio vya magurudumu ya mbele vilikuwa vimeachwa wazi, kwani shemeji alisahau kushuka na kuvifunga. Mzigo wote ukaangukia nyuma, na chuma kimoja kikakatika.

Hapo ndipo siri ya pili ilipofichuka. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda nyuma. Chuma cha gurudumu kimoja kikikatika, difu huzunguka bure, nayo breki ya mkono hubaki imeshika shafti isiyoshikilia chochote. Laiti magurudumu ya mbele yangalikuwa yamefungwa, yangalitusaidia. Chuma kimoja kilipovunjika, tulipoteza mwendo na kizuizi kwa wakati mmoja. Mzee alilijua hilo. Mimi niliyesoma vitabu sikulijua, na sikumpa nafasi ya kunieleza.

Wapo wanaoyachukulia mambo haya kwa uzito unaostahili. Tangu mwaka wa 1989, mashindano ya Rhino Charge hufanyika katika nchi yetu, na fedha zake zilisaidia kujenga ua wa kuuzunguka msitu wa Aberdare, uliokamilika mwaka wa 2009 ukiwa na urefu wa kilomita 400 hivi. Magari ya mashindano hayo, mengi yakiwa yamejengwa upya kuanzia chesisi, hushindana kwa saa kumi tu. Hata hivyo hayaruhusiwi kuanza kabla ya kukaguliwa. Ikiwa mchezo wa siku moja, wa watu waliojichagulia hatari wenyewe, hutanguliwa na ukaguzi, je, gari linalombeba mama na mtoto mgonjwa kila siku ya soko halistahili hata nusu ya uangalifu huo?

Najua majibu mawili yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba magari haya yapigwe marufuku. Wanaosema hivyo hawajawahi kumwona mgonjwa akibebwa mgongoni au kufungwa kwa leso nyuma ya dereva wa bodaboda kwenye utelezi. Ondoa Land Rover kuukuu mlimani bila kuleta badala yake, na utakuwa umeondoa njia ya pekee ya kufika hospitalini. Jibu la pili ni kwamba barabara zitengenezwe. Naliunga mkono kwa mikono miwili. Lakini mvua haingoji zabuni, na hata barabara nzuri hailisaidii gari lisiloweza kusimama.

Ninachopendekeza ni kidogo, tena kinawezekana. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kaunti ya Machakos na itenge katika kimoja cha vyuo hivyo shimo la kukagulia magari, taa nzuri na kifaa cha kupimia breki, ili mwenye gari lililojengwa upya alilete likaguliwe kwa ada ndogo kabla ya kubeba abiria. Mafundi wa jua kali nao wasaidiwe kufanya mtihani wa serikali wa ufundi, ambao hupima kazi ya mikono, ili mzee kama wetu awe na cheti cha kumwonyesha mteja mkaidi. Tena awe mwalimu mle ndani, maana ujuzi wa kusikiliza chesisi kwa nyundo haumo katika mtaala ninaoujua, na wenye ujuzi huo wanazeeka.

Kwetu sisi wateja, mpango wa kazi uwe huu: kwanza chesisi, pili breki na mipira yake, tatu usukani, nne ekseli, kisha ndipo injini, tairi na kuinua gari vije mwisho kabisa, kama fedha zimebaki. Aliyeongeza nguvu mahali pamoja auulize mnyororo mzima ni kiungo kipi sasa ndicho kinyonge. Na katika kila gari la namna hii pawe na vigingi viwili vya mbao vya kuzuia magurudumu. Havizidi bei ya kikombe cha chai, na si kila mlima utakuwa na jiwe pale unapolihitaji.

Mtoto yule alifika hospitalini siku ile, akiwa mgongoni mwa mamaye na kwa mwendo wa miguu, kisha kwa gari la msamaria waliyekutana naye barabarani. Alipona. Shemeji yangu ameuza zile tairi pana, na kwa fedha hizo amenunua vyuma imara vya ekseli na kubadilisha breki zote nne. Sasa gari linapanda Iveti polepole, bila mbwembwe. Nilipopanda tena mwezi uliopita, mzee fundi alikuja nasi akaketi mbele. Tulipofika pale mahali, alimwambia dereva asimame katikati ya mteremko, avute breki ya mkono, kisha aondoe mguu. Gari halikutikisika. Mzee hakusema neno. Alishuka, akaweka kigingi nyuma ya gurudumu hata hivyo, ndipo akaniashiria nami nishuke.