Chuku Si Uongo

Nina umri wa miaka 74, ni mwalimu mkuu mstaafu, na napenda kutazama katuni za Kijapani ambamo watu hupasuka vichwa. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba namtetea mtu mwingine, labda mjukuu wangu au kijana fulani wa mtaani. Najitetea mwenyewe. Na kwa kuwa miaka mingi ya kazi yangu niliitumia katika chuo cha ualimu, nikiwafunza walimu namna ya kuchagua kitu cha kumpa mtoto asome na namna ya kukijadili naye, naona nina haki ya kusema machache juu ya neno moja linalonikera kila nilisikiapo. Neno hilo ni aibu.

Wapo watu wazima wengi, wasomi kwa wasio wasomi, wanaozipenda katuni hizi kama nizipendavyo mimi. Lakini ukiwauliza, hutazama kando na kucheka. Watasema ni upuuzi tu, ni kupoteza muda, walizikuta watoto wanazitazama nao wakakaa kidogo. Huzitazama usiku, sauti imepunguzwa, na mtu akibisha hodi hubadili haraka wakaweka taarifa ya habari. Mimi nasema hivi: raha ama ina hatia, nayo iachwe, ama haina hatia, nayo isifichwe. Huyu anayekaa katikati, anayekula huku amefunika sahani, ndiye ninayegombana naye leo.

Hebu kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Chukua mfano wa Hokuto no Ken, ambayo kwa Kiingereza hujulikana kama Fist of the North Star. Mwandishi Buronson na mchoraji Tetsuo Hara walianza kuitoa katika jarida la Shonen Jump mwaka 1983. Kampuni ya Toei iliifanya katuni ya televisheni kuanzia 1984 hadi 1988, jumla yake sehemu 152, na mwaka 1986 ikatoka filamu ya sinema. Dunia imeteketea kwa vita vya nyuklia. Maji ni haba, chakula ni haba, na majitu yenye misuli kama mibuyu yanapita na pikipiki kuwanyang'anya wanyonge. Ndipo anapotokea mtu mmoja anayetembea kwa miguu, Kenshiro, mwenye makovu saba kifuani. Yeye anajua vituo fulani vilivyofichika mwilini ambavyo vikiguswa kwa kidole, mwili hujivunja wenyewe kutoka ndani. Adui huguswa, hucheka, huuliza ndiyo hayo tu? Kisha kichwa chake huvimba na kupasuka kama papai bivu lililoanguka kutoka mtini.

Haya basi. Wanaoziona katuni hizi kuwa ni aibu wana hoja tatu: kwamba ni utoto, kwamba ni upuuzi, na kwamba ni ukatili. Nitazijibu moja moja.

Hoja ya utoto ndiyo nyepesi kuliko zote, na ndiyo yenye madhara makubwa. Watu hudhani kuwa kila kilichochorwa ni cha watoto. Wajapani hawakudhani hivyo. Mwaka 1983 ilitoka Dallos, kazi ya kwanza kutengenezwa ili iuzwe moja kwa moja katika kanda za video bila kupitia televisheni wala sinema. Kwa njia hiyo watengenezaji waliepukana na masharti ya saa ambazo familia nzima hukaa sebuleni, na wengi wakaanza kutengeneza kazi za watu wazima, tena nyingine za damu nyingi mno. Ninja Scroll ya Yoshiaki Kawajiri, ya mwaka 1993, ilipewa nchini Uingereza cheti cha miaka 18. Sasa mzazi anayeishika filamu kama hiyo, akaona imechorwa, akampelekea mtoto wa miaka saba, nani aliye mtoto hapo?

Wafanyabiashara waliielewa aibu hii vizuri kuliko sisi. Katuni nyingine ya Kawajiri, Cyber City Oedo 808, iliyotoka mwaka 1990 hadi 1991, ilipotiwa sauti za Kiingereza ilijazwa matusi ambayo hayakuwamo katika Kijapani. Kwa nini? Kwa sababu kazi inayoonekana kuwa kali na ya kukatazwa huvutia wanunuzi. Aibu ikageuzwa bidhaa. Kwa hiyo mtu anayejificha kuitazama asidhani kwamba anamkomoa muuzaji. Anamnufaisha.

Hoja ya pili ni upuuzi: mbona wanapiga kelele namna ile, mbona ngumi moja huchukua dakika nzima, mbona mbingu hubadilika rangi mtu akikasirika? Jibu lake lina historia. Sinema huonyesha picha 24 kwa kila sekunde. Osamu Tezuka alipoanza kuonyesha Tetsuwan Atomu katika televisheni mwaka 1963, fedha zilikuwa kidogo na muda mfupi, ikabidi mchoro mmoja utumike kwa picha tatu. Hiyo ni michoro minane kwa sekunde, na mahali pengi haikufika hata hiyo. Utafanyaje vita vya kusisimua kwa michoro minane? Utaisimamisha ngumi hewani na kuchora mistari ya kasi nyuma yake. Utasogeza kamera juu ya uso uliotulia. Utarefusha ukelele. Waliokuja baadaye waliirithi sanaa hiyo wakaiendeleza, hata pale fedha zilipopatikana. Walichokosa katika mwendo walikifidia kwa chuku.

Neno chuku lisitutie hofu. Mtu anayepiga chuku hamdanganyi yeyote, maana yeye na wasikilizaji wake wamekwisha kukubaliana kwamba mambo yatakuzwa. Mwongo ni yule anayetaka uamini. Sisi tuliofundisha fasihi ya Kiswahili tunalijua hilo tangu zamani. Tumewafundisha vijana habari za Fumo Liyongo, jitu lisilodhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na mwanawe mwenyewe akaichoma. Liyongo akaenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale katika upinde, akafa katika hali hiyo, na watu wa mji wakakaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji wakidhani yu hai. Tumeyafundisha haya, tumeyatungia maswali ya mtihani, na hakuna aliyeyaonea haya. Katika Hokuto no Ken yumo Raoh, mpinzani mkuu wa Kenshiro, ambaye baada ya kushindwa hufa akiwa amesimama wima, ngumi yake ameinyoosha mbinguni. Nikiitazama sehemu hiyo namkumbuka Liyongo. Anayemheshimu mmoja na kumcheka mwingine anieleze tofauti iko wapi, isipokuwa kwamba mmoja tulimkuta vitabuni na mwingine kwenye kioo.

Hoja ya tatu ni ukatili, na hii siichezei. Mwaka 1988 katuni hiyo ilipoanza kuonyeshwa Ufaransa katika kipindi cha watoto, waigizaji waliotia sauti za Kifaransa waliuchukia ukatili wake hata wakaanza kuchomeka mizaha na michezo ya maneno, mpaka majitu yale yakawa yanazungumza kama wachekeshaji. Mwaka uliofuata mwanasiasa Ségolène Royal alitoa kitabu cha kulaumu vipindi ambavyo watoto wa nchi yake walikuwa wakilishwa, katuni za Kijapani zikiwamo. Nami namuunga mkono katika jambo moja: kazi ile haikuwa ya kuwekwa katika kipindi cha watoto. Kosa lilikuwa la waliopanga ratiba, ambao waliona michoro wakadhani ni pipi. Hilo linaturudisha kwenye hoja ya kwanza.

Mwaka huohuo wa 1989, huko Japani, alikamatwa mtu aliyewaua watoto wa kike wanne, na chumbani mwake zikakutwa maelfu ya kanda za video. Magazeti yakawavalia njuga wapenzi wote wa katuni kana kwamba kila mmoja wao ni muuaji. Damu ya watoto si jambo la kupita juu juu, na sishangai kwamba watu walitafuta sababu. Lakini mamilioni ya watu wengine walitazama katuni na hawakumdhuru mtu, na Japani imeendelea kuwa miongoni mwa nchi zenye mauaji machache kabisa duniani ukilinganisha na wingi wa watu wake. Sisemi kwamba katuni ndizo zilizoleta amani hiyo. Nasema tu kwamba aliyetabiri maangamizi anatudai maelezo.

Tena nimrudie rafiki yangu anayebadili haraka na kuweka taarifa ya habari. Amekimbia wapi? Amekimbia damu ya wino akaenda kwenye damu ya kweli. Hapo watu waliokufa wamekufa, mama anayelia analia, na yeye anaendelea kula wali wake bila aibu yoyote. Hakuna binadamu aliyewahi kupasua kichwa cha mwenzake kwa kidole, wala hakuna atakayeweza. Watengenezaji wanalijua hilo, mtazamaji analijua, na kijana aliyekwisha kupata akili analijua. Katika lugha yetu chuku ni pia ile pembe ya kuumikia, inayofyonza damu mbaya. Wahenga hawakukosea sana kuviita vitu hivyo viwili kwa jina moja.

Na ndani ya fujo yote ile kuna nini? Mapema kabisa katika Hokuto no Ken yumo mzee mmoja mwenye njaa anayekimbizwa na majambazi. Alichobeba ni mfuko mdogo wa mbegu za mpunga. Angeweza kuzila apone njaa ya siku moja, lakini hazili, kwa sababu anataka zipandwe ili kesho watu wavune na wasigombanie chakula tena. Majambazi wanamuua. Kenshiro anawaadhibu kwa namna tuliyokwisha kuieleza, kisha anazitawanya zile mbegu juu ya kaburi la mzee. Nimesoma riwaya nyingi za heshima zilizokosa wazo zuri kama hilo.

Lakini simtetei kila mwenye kalamu. Zipo katuni za aina hii, na Ninja Scroll niliyoitaja ina sehemu hizo, ambamo mwanamke hudhalilishwa kingono ili mtazamaji astareheke. Hapo mimi nazima. Wala sizimi kwa sababu ya aibu, nazima kwa sababu kipimo changu kinaniambia hivyo. Kichwa kinachopasuka kwa kidole ni chuku, hakipo duniani. Kumdhalilisha mwanamke hakuhitaji chuku. Kunafanyika leo, katika miji yetu, na anayekufanya burudani anapunguza uchungu wa jambo lililo kweli. Huo ndio mstari wangu, na yeyote akitaka kubishana nao aje tubishane.

Ndipo nilipokuwa nataka kufika. Mtu anayeona aibu hawezi kuchora mstari wowote. Yeye ameiweka kazi nzuri na uchafu katika kapu moja, akaliandika "upuuzi", akalisukuma chini ya kitanda. Hawezi kumwambia kijana wake itazame hii na iache ile, kwa sababu kwanza angelazimika kukiri kwamba anazijua zote mbili. Kwa hiyo kijana anatazama peke yake, kwenye simu, chumbani, bila mtu wa kumwuliza. Tunamwachia muuzaji kazi ya mzazi na ya mwalimu, halafu tunalalamika kwamba vijana wameharibika. Samaki mkunje angali mbichi, tunasema, nasi tumekataa hata kumshika kwa kuogopa shombo.

Walimu na wazazi mnaonisoma, siwaombi mzipende katuni hizi. Asiyezipenda aziache kwa amani. Lakini anayezipenda aketi sebuleni, aongeze sauti, azitazame na wale ambao umri wao unaruhusu, na awafungie waziwazi wale ambao bado, akiwaeleza sababu. Kisha aulize kama tulivyokuwa tukiuliza darasani: Hadithi hii inamhurumia nani? Inamcheka nani? Kipi hapa ni chuku, na kipi ni kweli? Kijana anayeweza kuyajibu maswali hayo hatadhurika na jitu la wino. Na mtu mzima asiyeweza kuyajibu ana upungufu mkubwa zaidi ya kupenda katuni, hata kama kila jioni anatazama taarifa ya habari.