Ijumaa ya Kwanza ya Jirani Yangu

Mimi ni mtu wa Pwani niliyelowea Nakuru. Kila Ijumaa, adhana ikilia, huvaa kanzu na kofia nikaelekea msikitini. Lakini mara moja kwa mwezi, Ijumaa ya kwanza, mama jirani yangu naye hurauka kwenda kanisani. Siku hiyo Wakatoliki humheshimu Yesu kwa ibada ya Moyo Mtakatifu: huungama, husali misa, hupokea komunyo. Mwenye nia hushika Ijumaa hizo miezi tisa mfululizo, asiruke hata mmoja. Mambo hayo yalienezwa na mtawa wa Ufaransa, Marguerite-Marie Alacoque, aliyefariki mwaka 1690.

Baadhi yetu husema hayatuhusu. Kwa itikadi ni kweli; wao na lao, nasi na letu. Lakini sikilizeni maneno yao: sala, neema, rehema, dhambi, toba, baraka. Yote asili yake Kiarabu, na Kiswahili cha Pwani ndicho kilichoyapandisha bara. Hata Ijumaa maana yake ni siku ya kukusanyika. Jirani yangu hawezi kuitaja ibada yake bila kutaja siku yetu.

Januari 2008 watu wa mji huu, lugha yao moja, waliuana. Basi lugha peke yake haitoshi, lazima tujuane.

Siku hizi humwuliza, "Mama, umefika ya ngapi?"

Juzi alijibu, "Ya saba, mzee."

Nikamwambia, "Mungu akujaalie heri." Uislamu wangu haukupungua kitu.